Wiki ya kwanza kwenye kamba: kisa cha mpanda miti mpya, Moshi

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Watu wake hawapo, lakini hakuna kinachotokea ndani yake ambacho ni kigeni kwa anayefanya kazi ya kupogoa na kukata miti mirefu mijini.

Kampuni ni ndogo: msimamizi ambaye pia ndiye mwenye mali, mpandaji mkongwe, mpandaji wa pili, vibarua wawili wa chini na Kenta moja. Mpandaji wa pili amehamia Dar es Salaam. Nafasi yake imechukuliwa na kijana kutoka Kibosho, ambaye hapa tutamwita Mgeni. Ana umri wa miaka 22, hajasoma chuo chochote cha misitu, na tangu shule ya msingi amekuwa akipanda migrevilea ya kihambani kukata matawi ya kuni na miti ya kuegemeza migomba. Anayekijua kihamba cha Wachagga anajua mpangilio wake: miti mirefu juu kabisa, chini yake migomba, kisha kahawa, kisha magimbi na majani ya ng'ombe. Mtoto anayekulia humo huwa hakumbuki siku aliyojifunza kupanda mti.

Kazi yenyewe iko mtaa wa Shanty Town, kwenye nyumba ya zamani yenye mijakaranda mitatu mikubwa. Mmoja umelalia paa, na matawi yake yamekaribia waya wa umeme unaoingia ndani. Mwenye nyumba ni mama mstaafu. Anataka matawi yasimwangukie, na akipata nafasi anataka pia auone mlima kutoka barazani.

Siku ya kwanza

Mgeni alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya msimamizi. Aliamkia kila mtu, alivaa ovaroli iliyofuliwa, na mfukoni alikuwa na karabina mpya, yaani pete ya chuma yenye mlango ya kuunganishia kamba, aliyoinunua kwa pesa yake katika duka la vifaa vya ujenzi. Hayo yote ni mazuri na hayahitaji uchambuzi mrefu. Mtu anayechelewa siku ya kwanza ameshajieleza.

Kisha msimamizi akamuuliza, "Dogo, unapanda kweli?"

"Napanda, kaka."

Mkongwe alikuwa bado anatandaza kamba zake juu ya turubai. Alipoinua kichwa, Mgeni alikuwa ameshavua gambuti na kufika kwenye panda ya kwanza ya mjakaranda, kama mita 5 kutoka chini, bila kamba, bila hanesi (mikanda ya mwilini inayofungwa kwenye kamba), bila kofia ngumu. Vibarua walimshangilia. Mkongwe hakupiga kelele. Alisema tu, "Shuka taratibu, mangi," akasubiri mpaka miguu yake ikagusa ardhi, halafu akamkabidhi kazi ya kuburuta matawi mpaka kwenye Kenta. Aliburuta mpaka jioni. Methali inampa mgeni siku mbili kabla ya jembe. Kwenye kazi hii anapewa saa mbili asubuhi.

Wengi wakisimuliwa sehemu hii husema kijana alijishaua. Sikubaliani nao. Kibosho, ukiulizwa kama unapanda, jibu lake ni kupanda. Swali ndilo lililokuwa bovu. Kama msimamizi angeuliza, "Mti huu ungeuanzaje?", angepata taarifa ya maana: kama kijana anatazama juu kutafuta matawi makavu, kama anauona waya wa umeme, kama anauliza kamba itapita wapi. Badala yake aliuliza swali la ndiyo au hapana, akapata onyesho.

Hata hivyo mkongwe alikuwa na sababu za kumshusha, na zinafaa kuelezwa kwa sababu Mgeni mwenyewe hakuelezwa siku ile. Sababu ya kwanza ni mti. Mgeni anaijua migrevilea, ambayo matawi yake hukatika bila kuonya, na ndiyo maana miguu yake ilizoea kukanyaga karibu na shina. Hiyo ni hekima ya kweli, na mkongwe aliiona. Lakini mjakaranda mzee una ugonjwa wa aina nyingine. Panda zake nyingi ni nyembamba, gome limebanwa katikati ya shina mbili, na maji ya mvua yakituama hapo pamoja na majani, mbao huoza kwa ndani wakati nje kunapendeza. Sababu ya pili ni hesabu. Anayeanguka kutoka mita 5 hufika chini baada ya sekunde moja hivi, akiwa na mwendo wa takriban kilomita 35 kwa saa. Hakuna wepesi wa mwili unaofanya kazi ndani ya sekunde moja.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na wapandaji wapya huwa hawaifikirii. Mtu mmoja tu katika kikosi kile angeweza kumfuata juu kama angenasa au kuumia, naye ni mkongwe, ambaye vifaa vyake vilikuwa bado kwenye turubai. Mgeni alipanda mti ambao hapakuwa na wa kumshusha. Ndiyo maana vikosi makini huwa havimruhusu mpandaji kuondoka chini kabla mwokoaji hajawa tayari, na huwezi kumvutia mtu kwa kitu kinachomweka yeye kwenye hatari ya kuja kukuokoa.

Karabina nayo ilikuwa na kesi yake. Mkongwe aliigeuzageuza mkononi akamuuliza, "Imeandikwa nini?" Haikuandikwa kitu. Karabina ya kupandia huchorwa nguvu zake mwilini kwa kilonyutoni, na inayosomeka 22 maana yake inastahimili mzigo wa zaidi ya tani 2. Ya kazi ya miti, zaidi ya hapo, huwa na mlango unaojifunga wenyewe na haufunguki mpaka uusukume na kuuzungusha, ili kijiti au kamba isiufungue kwa bahati mbaya. Ile ya dukani ni ya kufungia minyororo ya mbwa. "Basi hii itatubebea dumu la maji," mkongwe alisema. Kijana alipoteza pesa, ila alijifunza bei ya chuma kisicho na maandishi. Anayeanza kazi hii asinunue kifaa chochote kinachobeba uhai wake kabla ya kuulizia kikosi kinatumia nini. Glovu, buti imara na chupa ya maji vinatosha.

Jioni, kwenye daladala, Mgeni alirudi akiamini ameadhibiwa kwa kuwa bora kuliko walivyotegemea.

Siku ya pili

Siku ya pili ilikuwa tulivu, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipojenga jina lake, ingawa hakuna aliyemshangilia.

Kabla mkongwe hajarusha kamba kwenye mti wa pili, Mgeni aliuzunguka. Hakuambiwa auzunguke. Upande wa kivulini, juu kidogo ya kimo cha nyumba, aliona tundu na wadudu wanaingia na kutoka. Hakupiga kelele, alimfuata msimamizi akamwambia, "Kaka, upande ule kuna nyuki. Si wapita njia, wamehamia." Nyuki wetu wa Afrika Mashariki ni wakali kulinda makao yao, na mngurumo wa chenso unatosha kuwachokoza. Aliye chini atakimbia. Aliye juu, amefungwa kwenye kamba, hana pa kukimbilia. Mti ule uliachwa, akatafutwa mrina asali wa kuja kuwahamisha usiku, na ratiba ya siku nzima ikabadilika. Msimamizi alinung'unika kuhusu muda. Mkongwe hakusema kitu, lakini tangu hapo alianza kumwita Mgeni kwa jina lake badala ya "mangi".

Kulikuwa pia na suala la kamba. Mgeni aliona kila mtu anairuka kamba iliyolala chini badala ya kuikanyaga, akauliza kwa nini. Aliambiwa kwamba mchanga na maranda hukanyagiwa ndani ya nyuzi, kisha kila kamba inapobeba mzigo, chembe zile huikata kutoka ndani, mahali pasipoonekana. Baada ya jibu hilo alikusanya mkia wa kamba ndani ya ndoo bila kuagizwa. Swali moja na ndoo moja: sijui njia ya bei nafuu zaidi ya kumwonyesha mkongwe kwamba unasikiliza.

Mchana, msimamizi akiwa ameenda kutafuta petroli, mama mwenye nyumba alimwendea Mgeni. "Mwanangu, pale juu pakateni pote. Nataka nikikaa hapa niuone Kibo."

"Nimekusikia, mama. Akirudi msimamizi nitamleta kwako, maana yeye ndiye mliyepatana naye."

Jibu dogo, lakini pima njia mbili zilizokuwa mbele yake. Angesema "hapana, haifai", angemkosea mteja kwa jambo ambalo si lake kuamua. Angesema "sawa mama", angeiingiza kampuni kwenye ahadi mbaya. Mjakaranda ukikatwa kichwa hujibu kwa kutoa machipukizi marefu yaliyosimama wima, yaliyojishikiza juujuu tu kwenye ukingo wa jeraha, wakati chini yake mbao zinaoza. Baada ya miaka michache mama angekuwa na mti uleule wenye hatari zaidi, na mlima usingeonekana. Alex Shigo, mtafiti wa miti wa Marekani, alipasua magogo kwa miaka mingi akaonyesha kwamba mti hauponyi jeraha kama ngozi yetu. Hulizungushia ukuta na kuendelea kukua nje yake. Kwa hiyo tawi likitolewa, likatwe pale linapotokea, nje kidogo tu ya uvimbe unaoliunganisha na shina, ili mti uweze kujenga ukuta huo. Msimamizi aliporudi alimweleza mama kwamba wataondoa matawi matatu yaliyochaguliwa na kufungua dirisha, naye akaridhika. Mgeni hakuyajua hayo yote. Alichojua ni mpaka wa kauli yake.

Siku ya tatu

Mti wa tatu ndio ule wa paa na umeme. Waya wa kuingia ndani ulikuwa umekatiwa umeme na mafundi wa TANESCO asubuhi ile kwa maombi ya kampuni. Kwa waya wenye umeme, wapanda miti wa Marekani wasio na mafunzo maalumu hutakiwa kukaa umbali wa angalau mita 3, na sioni kwa nini Moshi pawe pungufu ya hapo.

Mkongwe alikuwa kama mita 9 juu, na chenso ndogo ya mkono mmoja inaning'inia kwenye hanesi. Sheria ya kikosi inasema chenso haiwashwi juu ya mti mpaka mpandaji awe ameshikwa sehemu mbili: kamba kuu na kamba fupi inayozunguka shina au tawi nene. Sababu ni moja tu. Mnyororo wa chenso hukimbia mita 20 au zaidi kwa sekunde, na kamba iliyokazwa na uzito wa mtu ikiguswa hata kidogo hukatika papo hapo. Kamba moja ikikatwa, ya pili ndiyo inayobaki.

Mkongwe alihama tawi moja kwenda lingine. Ili apite, alifungua kamba fupi. Alipofika hakuifunga tena. Akawasha chenso.

Mgeni, chini, aliiona ikining'inia. Akaita, "Fundi! Kamba fupi!" Mkongwe alikuwa na vizuia kelele masikioni na injini mkononi; hakusikia. Akaita tena. Vibarua walimtazama kwa mshangao, maana kijana wa siku tatu hamkemei fundi wa miaka mingi. Hapo Mgeni akakimbia mbele, akaingia chini ya tawi lililokuwa likikaribia kukatwa, akapunga mikono yote miwili.

Mkongwe alimwona, akazima chenso. "Toka hapo! Unataka nikuue?"

Mgeni alirudi nyuma. Kisha, kwa sauti ya kawaida: "Kamba yako fupi inaning'inia, mzee."

Mkongwe alitazama kiunoni, akaifunga, akawasha chenso, akamaliza. Mchana alikula kande peke yake kwenye bodi la Kenta. Jioni alimwambia msimamizi, "Huyu kijana ana macho, lakini atakufa mapema."

Maoni yaligawanyika. Msimamizi alisema kijana ameokoa maisha ya mtu na anastahili shukrani. Mkongwe alisema kijana ameingia eneo la kuangukia matawi wakati chenso inafanya kazi, kosa ambalo kwingine lingemfukuzisha. Nimesikia watu wakibishana sana kuhusu nani mwenye haki hapo. Wote wawili wanasema kweli, na ubishi wao unaficha swali lenye maana: kijana yule alikuwa amepewa njia gani nyingine?

Hakuwa amepewa yoyote. Siku ya kwanza alionyeshwa pa kuweka begi, akaambiwa asivute sigara karibu na petroli, akaambiwa chai ya mama iko saa nne. Hakuambiwa neno la kusimamisha kazi. Hapakuwa na ishara ya mkono iliyokubaliwa. Hakuna aliyekuwa na filimbi, ambayo huchoma hata masikio yaliyozibwa na bei yake haifiki ya soda mbili tatu. Eneo la kuangukia halikuzungushiwa utepe, kwa hiyo mpaka wake ulikuwa kichwani mwa mkongwe peke yake. Na mkongwe mwenyewe hakuwa na desturi ya kutazama chini na kusubiri dole gumba kabla ya kila mkato. Katika mazingira hayo Mgeni alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: anyamaze, au aende mahali atakapoonekana. Mahali pekee pa kuonekana palikuwa pabaya.

Tuongeze na hali yake ya kiajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimkingi na uachishwaji usio wa haki mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kijana wa siku tatu aliyemwaibisha fundi mbele ya vibarua anaweza kuambiwa kesho asije. Kwake, kunyamaza ndiko kulikokuwa salama. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mfanyakazi atoe taarifa anapoona hatari, lakini sheria haimfundishi mtu namna ya kumwambia mzee mbele za watu.

Namna hiyo Mgeni aliijua, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote katika kisa chake. Rudia maneno yake. Hakusema "umesahau kujifunga". Alisema "kamba yako inaning'inia". Alikitaja kifaa, akamwacha mtu. Mkongwe hakulazimika kukiri wala kujitetea; alifunga tu. Na alilisema kwa sauti ya kawaida, baada ya injini kuzimwa, na kwa neno "mzee" ambalo juma zima hakuwa amelitumia kwake. Wale wanaodhani heshima na usalama vinagongana huwa hawajakutana na kijana aliyelelewa vizuri. Tatizo lake lilikuwa miguu, si ulimi.

Jumatatu

Msimamizi alinunua utepe na filimbi. Kila asubuhi kabla ya injini yoyote kuwaka, kikosi sasa husimama chini ya mti wa siku hiyo kwa dakika chache, na aliye mpya kuliko wote ndiye anayetamka neno la kusimamisha, ambalo ni "Simama" tupu. Akilitamka yeyote, hata kibarua wa leo, chenso inazimwa kwanza na maswali yanafuata. Mkongwe aliupinga mpango wa filimbi. "Sisi si marefa," alisema. Anaivaa, lakini kwa ndani ya shati.

Kumwambia Mgeni ahsante hakumwambia. Alimpa kamba yake kuu aikague, hatua kwa hatua, kwa kuipitisha yote vidoleni akitafuta palipolainika, palipokauka kwa joto la msuguano, palipovimba. Mgeni alipomaliza na kwenda kuwasha moto wa chai, mkongwe aliichukua akaikagua upya yote. Sioni dharau hapo. Ni kamba yake, na wiki moja ni wiki moja.

Mafunzo ya kupanda kwa kamba yalianzia kwenye mgrevilea mwembamba, na fundo la Prusik, lililotangazwa na mpanda milima wa Austria Karl Prusik mwaka 1931 na ambalo bado ni la lazima kulijua. Fundo hilo huteleza likisukumwa na hubana likibebeshwa uzito. Mgeni, aliyefika mita 5 pekupeku kabla watu hawajageuka, alitumia nusu ya asubuhi kufika kimo kilekile kwa kamba, akizunguka hewani na kuikumbatia hanesi. Vibarua walicheka mpaka wakakaa chini. Alicheka nao, akashuka, akafunga fundo upya.

Chenso juu ya mti hajapewa bado. Sharti la mkongwe ni kwamba kwanza aweze kumfikia mtu aliyenasa juu na kumshusha salama, kwa kuwa sasa kikosi kina wapandaji wawili na kila mmoja ndiye mwokoaji wa mwenzake. Msimamizi alipendekeza zoezi lifanywe kwa gunia la mchanga. Mkongwe alikataa, akavaa hanesi, akapanda, akajilegeza kwenye kamba kama aliyezimia. Mgeni alimfuata, akamfunga kwake, akamshusha. Alipogusa ardhi mkongwe alifumbua macho na kulalamika kwamba ameshushwa haraka mno na kisigino kimegonga tawi, kwa hiyo warudie.